Fahamu: Dinosaria aliyetuonyesha manyoya

Wanaocheza Jurassic World Evolution 2, mchezo wa kujenga na kuendesha bustani ya dinosaria, humkuta humo mnyama mdogo mwenye mkia wa pete-pete: Sinosauropteryx. Mnyama huyu aliishi kweli, takriban miaka milioni 125 iliyopita.

Aligunduliwaje?
Mwaka 1996, mkulima wa jimbo la Liaoning, China, alipata kisukuku chake. Kuanzia kichwani hadi mkiani kulikuwa na ukingo mweusi wa nyuzinyuzi: manyoya ya awali. Kabla ya hapo, hakuna dinosaria nje ya ukoo wa ndege aliyepatikana nayo.

Rangi yake ilijulikanaje?
Mwaka 2010, wanasayansi walikuta ndani ya nyuzi hizo vifuko vidogo mno vya rangi. Umbo la vifuko lilionyesha wekundu wa kahawia. Mkiani, pete za rangi hiyo zilipishana na nyeupe.

Kwa nini ni muhimu?
Hakuwa na mabawa wala hakuruka, lakini alikuwa na manyoya. Kumbe manyoya yalitangulia kuruka, na pengine kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunza joto la mwili. Mtoto anayemfuga kwenye skrini anajifunza sayansi ya kweli.