Jua Linaua Vijidudu, Floraidi Linaiacha

Kila ninapozungumza na wazazi wa Tengeru, Usa River au Ngaramtoni kuhusu kuanika maji ya kunywa juani, sijafika hata kwenye ukubwa wa chupa kabla swali halijaulizwa: "Na floraidi je, inaisha?" Haiishi. Haipungui hata kidogo. Nimelijibu mara nyingi mno, na bado nakutana na watoto wanaonyweshwa maji ya kisima chenye floraidi nyingi huku mzazi akiamini ameshayatibu, kwa kuwa yameshinda juu ya bati mchana kutwa.

Jua lina kazi yake na linaifanya vizuri. Ushahidi uko jirani, ng'ambo ya Namanga. Kule Kajiado, watafiti walikuwa wakiifuatilia njia hii katika familia za Kimaasai pale kipindupindu kilipoingia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji yaliyoanikwa, waliougua ni 3. Kati ya 144 ambao chupa zao ziliwekwa ndani ya nyumba, waliougua ni 20. Kwa watoto wakubwa na watu wazima tofauti ya maana haikuonekana. Waliokingwa ni wale wadogo, ambao kuhara huwaua haraka. Miale ya urujuanimno huharibu vinasaba vya vijidudu, na maji yakifika nyuzi 50 kazi hiyo huenda kasi zaidi.

Lakini floraidi si kijidudu. Haina uhai wa kuuawa wala vinasaba vya kuharibiwa. Ni madini yaliyoyeyuka ndani ya maji kutoka kwenye miamba na majivu ya volkano ya Meru, nayo hayageuki mvuke. Chupa imefungwa kizibo. Madini hayo yatatokea wapi? Anayetaka kuona jua linafanya nini na madini aende Ziwa Natron. Jua la kule ni kali kuliko la Arusha, na kazi yake ni kuyachukua maji na kuyaacha magadi yakigandamana ufukweni.

Wakishakubali hilo, wengi hukimbilia jiko: basi tutachemsha. Hapa ndipo subira inaponiishia, kwa sababu kuchemsha kunaongeza tatizo. Chukua lita moja yenye miligramu 3 za floraidi, ambayo tayari ni mara mbili ya kiwango cha miligramu 1.5 kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Ichemshe mpaka ibaki robo tatu ya lita. Miligramu zote 3 bado zimo, sasa ndani ya maji machache, sawa na 4 kwa lita. Kuchemsha kwa muda mfupi ili kuua vijidudu hakubadilishi sana hesabu hiyo, ila hakuna floraidi inayotoka. "Mbona ukoko mweupe unabaki chini ya sufuria?" Ule ni chokaa. Tena maji mengi ya Meru yenye floraidi kali yana chokaa kidogo na sodiamu nyingi, na hiyo ni sababu mojawapo floraidi inakaa imeyeyuka badala ya kuzama.

Mbegu za mlonge zinatuliza tope, basi. Kitambaa kinachuja takataka, basi. Kung'aa kwa maji hakukuambii lolote, kwani floraidi haina rangi wala harufu. Na kuna magadi tunayotia kwenye maharage na makande ili yaive upesi: mara nyingi nayo yamebeba floraidi, kwa hiyo mtoto anaipata kwenye kikombe na kwenye sahani. Yaacheni. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva bila magadi.

Meno ya kudumu hujengeka ndani ya fizi tangu kuzaliwa hadi karibu miaka 8. Yakishatoka na madoa ya kahawia, hakuna mswaki wala mkaa wa kusugulia utakaoyaondoa. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika.

Sasa ya kufanya. Peleka sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji, maana visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana kabisa. Maji ya upande wa Ngarenanyuki na Momella yanajulikana kwa ukali wake. Kama kuna chanzo chenye floraidi ndogo, cha kunywa na cha uji kitoke huko. Kisima kibaki cha kufulia. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi. Unafaa, ila ukichoka lazima ubadilishwe. Hapa hapa Arusha, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio linaloweza kutengenezwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, na mwaka 2015 likampatia tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi.

Na kuna mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi, lakini yanashuka na kinyesi cha ndege kutoka kwenye bati, na hapo ndipo jua linapohitajika. Mwaga maji ya mwanzo ya kila mvua, yanayofuata yaingie kwenye tangi. Jaza chupa angavu za plastiki za lita moja na nusu, zisizo na rangi, karatasi imebanduliwa. Dumu la njano halipitishi mwanga wa kutosha. Simamisha chupa juu ya gazeti: ukitazama kutoka mdomoni usipoweza kusoma kichwa cha habari, chuja kwanza. Laza juu ya bati saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Wingu likitanda, kama Juni na Julai, siku mbili kamili. Mvua ikishinda inanyesha, chemsha. Mtoto anywe kutoka chupa ile ile. Tangi likipungua kiangazi, yaliyobaki yawe ya watoto wa chini ya miaka 8, pamoja na uji wao.