Viungo Vikiuma na Uso Ukitoka Chunusi: Msiro wa Bibi na Kikopo cha Sokoni

Toleo la mwezi huu tulitaka kuandika habari za boli tu, nani kafunga na nani kafungwa. Lakini yametokea mambo mawili katika timu yetu ya wasichana, tukaona habari ya magoli ingoje kwanza.

Jambo la kwanza, Jumatatu baada ya mechi wachezaji wanne hawakuja darasani. Tukaenda majumbani kwao kuuliza. Mmoja tulimkuta kalala kwenye mkeka, mapaja hayainuki. Mama yake kishamnunulia vidonge vya maumivu sokoni, vile vinavyouzwa kimoja kimoja bila pakiti, na mtoto amemeza vitatu na tumbo tupu. Sasa miguu inauma na tumbo nalo linakata.

Jambo la pili ni zito zaidi. Binti mwingine, ambaye hatutamtaja, alikuwa na chunusi kwenye paji la uso na mashavuni, na wenzake wakimtania. Akachukua mafuta ya kupikia ya mgao, akayauza, akanunua kikopo cha krimu nyeupe isiyo na jina la kiwanda. Wiki tatu za mwanzo uso uling'aa, kila mtu akamwuliza siri yake. Wiki ya nne uso ukaanza kuwaka, ukatoka madoa mekundu, na akitoka juani machozi yanamtoka. Siku hizi anakuja shule kajifunika kapulana mpaka karibu na macho.

Kwa hiyo tumeuliza. Tumemwuliza mhudumu wa afya, tumesoma vitabu tulivyo navyo, na tumekaa na bibi mmoja wa Quissanga ambaye wengi hapa kambini mnamfahamu kwa uso wake mweupe kila jioni. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na viungo. Wengi tunafikiri maumivu ya mwili ni ya wacheza boli tu. Si hivo. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na dada zetu wanalibeba kichwani mara tatu au nne kwa siku. Kulima mashamba, kupasua kuni, kuvuta jarife, kutwanga, hayo yote ni mazoezi, tena makali, ila hakuna anayepiga makofi. Ukifanya kazi ambayo mwili haukuizoea, nyuzi ndogo ndogo ndani ya misuli zinachanika kidogo. Maumivu hayaji palepale. Yanakuja kesho yake, yanazidi siku ya pili au ya tatu, halafu yanapoa yenyewe, na misuli inarudi ikiwa na nguvu kuliko mwanzo. Ndiyo maana yule mchezaji wetu alikuwa mzima Jumamosi jioni na Jumatatu hawezi kusimama. Hakurogwa, na hakuwa mgonjwa.

Sasa afanye nini? Kwanza asilale kutwa nzima. Atembee polepole, anyooshe miguu, afanye kazi ndogo ndogo. Misuli inayosogea inapona vizuri kuliko ile iliyokaa tu. Anywe maji. Mwangalie mkojo: ukiwa wa njano iliyopauka mwili una maji ya kutosha, ukiwa wa njano iliyokolea anywe zaidi. Jasho linatoka na chumvi, kwa hiyo uji wenye chumvi kidogo ni mzuri, na dafu kama limepatikana. Halafu ale. Misuli inajengwa kwa vyakula vile vile mnavyovijua: maharage ya mgao, karanga, dagaa, kunde, majani ya mlonge. Matapa ya nyumbani, yale majani ya muhogo yaliyopikwa na karanga na nazi, hayo ni chakula cha mwanariadha kamili, hatuoni haya kusema. Na alale. Kijana anahitaji usingizi wa saa nane hata kumi, na hapa tunajua wengi hawalali vizuri, kwa joto, kwa mbu, na kwa mambo waliyoyaona. Hilo halina dawa ya mitishamba. Lakini mzazi akiweza kumwachia mtoto alale bila kumwamsha saa kumi usiku kwenda foleni ya maji siku moja baada ya mechi, atakuwa amemsaidia sana. Wanaofunga Ramadhani tunawaomba mazoezi yao yawe karibu na magharibi, wapate kunywa mara tu wakimaliza.

Kukanda je? Bibi yetu anapasha mafuta ya nazi kidogo, vuguvugu tu, anakanda mapaja na ndama za miguu kuelekea juu, taratibu. Kukanda kwa namna hii kunapunguza maumivu, hata madaktari wa michezo wanakubali. Ila mguu uliotenguka na kuvimba usiukande siku mbili za mwanzo. Weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, uinue mguu juu ya mto au gunia, upumzike. Kuna watu hapa wanavuta na kukunja mguu uliovimba "urudi mahali pake". Jamani, mtavunja watoto.

Vidonge vile vya sokoni, ibuprofeni na diklofenaki, vinachubua tumbo lisilo na chakula, na mtu aliyepungukiwa maji vinaweza kumwumiza figo. Usivinunue bila kujua ni nini. Na kuna dalili moja ya kukimbilia kituo cha afya usiku huohuo: mtu amefanya kazi kali juani, mwili umevimba na kulegea, na mkojo umetoka rangi ya kahawa au chai ya rangi. Hayo si maumivu ya kawaida. Misuli imevunjika kiasi cha kuziba figo.

Haya, tuje kwenye uso.

Bibi alitukaribisha barazani kwake, yaani chini ya turubai. Tukamwamkia, tukaketi. Akatoa kifurushi cha kitambaa, ndani yake kijiti kama cha urefu wa kidole cha kati, na jiwe bapa. "Shikeni, walimu," akasema, "hiki kimetoka kwetu na mimi."

Msiro ni mti, wataalamu wa mimea wanauita Olax dissitiflora. Watu wa Nampula, Kisiwa cha Msumbiji na Angoche wanautumia kama sisi wa Ibo, Pemba na Quissanga. Unachukua kipande, unaweka matone ya maji juu ya jiwe, unasugua kwa kuzungusha mpaka utoke ujiuji mweupe. Unapaka uso, unaacha ukauke, baadaye unaosha. Wazee husimulia kwamba zamani rangi hiyo ilikuwa na maneno yake: mwari ambaye hajaolewa, au mke ambaye mumewe kasafiri baharini. Leo kila mwanamke anapaka, na akina mama wa ngoma ya tufo hawachezi bila hiyo. Wala si sisi peke yetu. Wakomoro wana msindanu wao wa mti wa msandali, Madagaska wanaita masonjoany, na Zanzibar na Lamu kuna liwa. Pwani nzima hii, wanawake wameketi na jiwe na kijiti.

Tukamwuliza Bibi, je, msiro unaponyesha chunusi? Tulidhani atasema ndiyo. Akacheka. "Msiro unapoza. Unazuia jua. Chunusi zinapona na umri na kuosha uso." Mhudumu wa afya akasema karibu maneno yaleyale. Chunusi zinatokea kwa sababu mwili wa kijana anapobalehe unatoa mafuta mengi, mafuta yanachanganyika na ngozi iliyokufa, vitundu vinaziba, na vijidudu vinazaliana humo. Si uchafu, si tabia mbaya, na si kwamba mtu anahitaji kuolewa kama wanavyotania. Zinapata wasichana na wavulana.

Tunachoweza kufanya kwa vitu vya hapa ni hiki. Osha uso mara mbili kwa siku, na mara ukimaliza kutoka jasho, kwa maji safi na sabuni laini kidogo. Kikombe kimoja cha maji kinatosha, tunajua kisima kina foleni. Usisugue kwa mchanga wala dodoki. Usikamue, maana usaha unaingia ndani na kovu linabaki. Kitambaa cha kufuta jasho na kapulana ya kujifunika kichwa vifuliwe na kuanikwa juani, na kila mtu awe na chake. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa mikono, miguu na kiwiliwili, lakini kwa uso wenye chunusi yanazidi kuziba. Hapo hata sisi tulishangaa, tumekua tukipakwa nazi toka utosini. Mshubiri unapoza ngozi iliyoungua na jua, kata jani, paka ule ute wa ndani, si ule maji wa njano unaotoka pembeni. Ndimu usipake kabisa. Ndimu usoni ukitoka nayo juani inachoma ngozi mpaka malengelenge, na doa jeusi linaweza kukaa miezi.

Anayependa msiro apake, ila asage kwa maji yaliyochemshwa na jiwe liwe safi. Ajaribu kwanza ndani ya mkono siku moja aone kama ngozi inakubali. Asipake juu ya kidonda. Na tunaomba sana: asiende mtu porini peke yake kutafuta mti huo. Mnajua sababu.

Sasa kile kikopo. Mkorogo tumeusikia siku nyingi, Tanzania wanapigana nao, Kenya wanapigana nao. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zinazouzwa bila jina zina moja ya vitu vitatu, au vyote: zebaki, haidrokwinoni, na dawa kali za steroidi. Zebaki inaingia kupitia ngozi, inaharibu figo na neva, na mama mjamzito au anayenyonyesha anampelekea mtoto. Hata watoto waliobebwa begani na mama aliyepaka inawafikia. Sisi watu wa pwani tunaweza kuelewa zebaki kwa habari ya Minamata, mji wa wavuvi huko Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba, samaki wakaila, watu wakala samaki. Mwaka 1956 ugonjwa ule ukatambuliwa rasmi: watu wanatetemeka, hawaoni vizuri, watoto wanazaliwa na ulemavu. Mkataba wa mataifa wa kupunguza zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na vipodozi vyenye zebaki vimo katika vitu unavyovikataza.

Steroidi nazo zina ujanja wao. Mwanzo uso unakuwa laini, wiki chache baadaye ngozi inakuwa nyembamba, na ukiacha ghafla unalipuka vibaya kuliko mwanzo. Mtu anaogopa, anarudi kupaka. Ndivyo alivyofanya binti yetu mara mbili.

Basi angalieni kikopo kabla ya kununua. Kama hakina orodha ya vilivyomo, kiache. Kama kimeandikwa mercúrio au calomel, kiache. Na kama maelezo yanasema vua pete na bangili za dhahabu au fedha kabla ya kupaka, hiyo ni alama ya zebaki. Aliyekwisha kupaka asijifiche. Aende kituo cha afya na kikopo chake mkononi, waone ni nini, wamwelekeze namna ya kuacha. Baba na mama, mtoto akikuambia ameuza mafuta ya mgao kununua krimu, tafadhali kwanza mtazame uso, fimbo iweke chini.

Wasichana wetu wanapenda kusikia habari za Maria Mutola. Msumbiji huyu alianza kwa kucheza boli na wavulana mitaani Maputo, akaingia mbio, na mwaka 2000 kule Sydney akachukua medali ya dhahabu ya mita 800. Tunawaambia tazameni picha zake akivuka mstari, uso umejaa jasho. Hakuna aliyemwuliza habari za mashavu yake siku ile.

Wiki iliyopita tulimpeleka yule binti kituoni. Wamechukua kikopo, wamempa dawa ya kupaka, na wamesema itachukua miezi, ajikinge na jua. Jioni tukapita naye kwa Bibi, tukimsindikiza nyumbani. Bibi akamtazama sana, akatoa kifurushi chake. Tukamwambia Bibi, uso bado una vidonda, kituoni wamekataza kupaka kitu kingine. Akasema najua, sikupaki. Akachukua kijiti, akakiweka juu ya jiwe, akampa mkononi. "Sugua wewe. Unipake mimi, mikono yangu imechoka."

Akasugua. Akampaka polepole, paji la uso, mashavu, kidevu. Wakawa wanaongea Kimwani, habari za Quissanga, nani alikuwa jirani na nani, na kapulana ile ikateremka mabegani bila yeye kujua. Kijiti sasa kimebaki kifupi sana. Bibi anasema atakayefika Pemba amnunulie kingine sokoni, pesa atarudisha. Anayekwenda mwezi huu atuambie sisi walimu, tupo chini ya mwembe kila Jumamosi saa kumi jioni, na boli.