Kipupwe Kisitufungie Ndani

Kati ya Juni na Agosti, joto la alfajiri huko Njombe na Makete hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Wengi hujifungia chumbani na jiko la mkaa. Hapo ndipo penye hatari: hata makaa yasiyofuka moshi hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kuwaua waliolala. Jiko hilo lisilale ndani. Blanketi la ziada na soksi zatosha.

Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo, hivyo mgonjwa asiache dawa zake. Wala asijikunyate kutwa. Ukungu ukiondoka, aote jua na majirani, atembee dakika 30, apalilie mboga au afume sweta. Jioni, chai ya tangawizi na hadithi za wajukuu humwondolea mzee upweke. Mwili unaojongea huzalisha joto lake wenyewe.

Nawe mhudumu wa afya, umpimapo mgonjwa shinikizo la damu msimu huu, muulize pia: usiku unaota moto wapi?