Ndege Iliyoundwa Iende Polepole

Kilomita 70 kwa saa. Basi la abiria likipata lami nzuri linaupita mwendo huo, na bado Jeshi la Wanamaji la Uingereza, mwaka 1937, liliagiza ndege itakayoweza kwenda polepole kiasi hicho, si kwa dakika chache za kutua, bali kwa saa sita au zaidi, usiku, juu ya bahari. Kazi yake ilikuwa moja: kuziandama manowari za adui gizani mpaka kuche, na kutuma habari kwa redio. Ndiyo maana ikaitwa Fleet Shadower, kivuli cha kundi la meli.

Ugumu wake ni huu. Ndege hubebwa na upepo unaopita kwenye mabawa; mwendo ukipungua, upepo nao hupungua, na ndege hudondoka. Wahandisi wakaipa injini nne ndogo aina ya Pobjoy Niagara, kila moja na silinda saba, wakazipanga mbele ya bawa ili panga zake zilipulizie hewa bawa karibu lote. Ndege ikawa inajitengenezea upepo wake yenyewe. Mimi kila nikilifikiria wazo hilo hulistaajabia upya.

Watu watatu ndio walioiendesha: rubani, mtu wa redio na mtazamaji. Huyu wa mwisho aliwekwa puani kabisa, amezungukwa na vioo mbele na pembeni, kwa kuwa ndege nzima ilijengwa kwa ajili ya macho yake. Mabawa yalikunjwa ili ienee ndani ya meli ya kubebea ndege.

Kampuni mbili zilifika hatua ya kurusha. Ya General Aircraft, GAL.38, ilipaa Mei 1940. Ya Airspeed, AS.39, ikafuata Oktoba, ingawa utulivu wake angani uliwasumbua marubani. Februari 1941 mradi ukafutwa. Rada ilikuwa imeshaanza kufungwa kwenye ndege za doria, na rada haihitaji kwenda polepole wala kungoja mbalamwezi. Ndege zote mbili zikavunjwa. Sidhani waliokata shauri hilo walikosea, lakini vyuma vile vilistahili walau kona ya makumbusho.

Miezi mitatu baada ya mradi kufutwa, manowari ya Kijerumani Bismarck ilitoroka kuelekea Atlantiki. Meli zenye rada ziliiandama usiku, na jioni ya Mei 24 ndege za Swordfish zenye rada ziliikuta tena. Alfajiri ya Mei 25 ikapotea. Jeshi zima likaitafuta zaidi ya siku nzima. Asubuhi ya Mei 26, ndani ya ndege ya doria ya Catalina, rubani Mmarekani Leonard Smith alitazama chini kupitia kioo, akaona umbo jeusi likikata mawimbi.