Utando Mweupe Kwenye Ulimi: Fahamu Chanzo Chake na Wakati wa Kufika Zahanati

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Mama akiona ulimi wa mtoto wake mchanga umefunikwa na weupe, hudhani ni maziwa. Mtu mzima akiuona weupe huohuo kinywani mwake, mara nyingi huhofia Virusi vya UKIMWI (VVU), naye hunyamaza. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, na kukosea huko huchelewesha tiba. Makala hii inawafafanulia wananchi wa Kata ya Sapiwi vyanzo vya hali hiyo na hatua za kuchukua.

Uso wa ulimi una vinundu vidogo vingi ambavyo hunasa mabaki ya chakula, chembe zilizokufa na bakteria. Kinywa kikikauka, mabaki hayo huongezeka na kuonekana kama utando. Hali hii huwapata wenye homa, wavutaji wa sigara, wanywaji wa pombe, wasiosafisha kinywa, na hata mkulima aliyeshinda shambani akivuna pamba juani bila maji ya kunywa. Utando wa namna hii si ugonjwa. Huondoka kwa kunywa maji ya kutosha na kupiga mswaki mara mbili kwa siku, pamoja na kusugua ulimi taratibu.

Chanzo cha pili ni fangasi aina ya kandida. Utando wake hufanana na maziwa yaliyoganda, huenea hadi kwenye mashavu ya ndani na kaakaa, na ukifutwa huacha sehemu nyekundu yenye maumivu. Maziwa ya kawaida hufutika kwa urahisi kwa kitambaa safi chenye unyevu. Mtoto mwenye fangasi huweza kulia anaponyonya au kukataa ziwa. Apelekwe zahanati pamoja na mama yake, kwa kuwa chuchu nazo huweza kuambukizwa na huhitaji kutibiwa kwa wakati mmoja. Usikwangue ulimi wa mtoto, na usimpake asali, kwani asali ni hatari kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Kwa watu wazima, fangasi hujitokeza zaidi kwa wagonjwa wa kisukari, wanaovaa meno ya bandia, waliotumia antibiotiki kwa muda mrefu, na wenye pumu wanaotumia dawa ya kuvuta bila kusukutua kinywa baadaye. Vilevile huwapata watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka. Kwa hiyo, utando pekee hauthibitishi VVU, na jirani hana haki ya kumnyooshea mwenzake kidole. Jibu hutolewa na kipimo. Tangu mwaka 2019, sheria ya nchi inamruhusu kijana mwenye umri wa miaka 15 kupima kwa ridhaa yake mwenyewe. Anayekutwa na maambukizi huanzishiwa dawa bila malipo.

Chanzo cha tatu hutisha kidogo kwa macho lakini ndicho kinachohitaji uangalifu mkubwa: baka jeupe lisilofutika na ambalo mara nyingi haliumi. Huonekana zaidi kwa wavutaji wa sigara na watumiaji wa ugoro. Baadhi ya mabaka hayo huweza kugeuka saratani. Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu au Bugando jijini Mwanza, asiahirishe safari.

Mwananchi afike kituo cha kutolea huduma za afya iwapo:

• utando au baka halijaondoka baada ya wiki mbili;
• anapata maumivu anapomeza, au kinywa kinatoka damu;
• mtoto anashindwa kunyonya. Huyu apelekwe siku hiyohiyo.

Fangasi ya kinywa hutibika. Usinunue dawa kwa kukisia; mwonyeshe mhudumu wa afya ulimi wako, naye atakueleza chanzo na tiba inayokufaa.