Piki za Chuma za Gitaa la Kihawaii: Namna ya Kuzichagua na Kuzikunja

Gitaa la Kihawaii ni gitaa ambalo mpigaji hulilaza mapajani au kulisimamisha juu ya miguu ya chuma ya gitaa lenyewe, kisha badala ya kubana nyuzi kwa vidole hutelezesha juu yake kipande kizito cha chuma kilichong'arishwa, na kwa njia hiyo sauti hupanda na kushuka bila kukatika kama sauti ya mtu anayeimba. Kwa kuwa mkono wa kushoto wote umeshughulishwa na kipande hicho, mkono wa kulia ndio unaobaki na kazi ya kuchagua uzi, kuuamsha na kuunyamazisha, na wapigaji walio wengi huifanya kazi hiyo wakiwa wamevaa piki tatu: moja ya kidole gumba, moja ya kidole cha shahada na moja ya kidole cha kati. Piki hizo huuzwa kwa bei ndogo, nazo mara nyingi huvaliwa vilevile zilivyotoka kiwandani, jambo ambalo huwagharimu wanafunzi wengi, kwa sababu piki ya chuma haijakamilika inapouzwa. Hukamilishwa na yule atakayeivaa, kwa kidole chake na kwa namna mkono wake unavyouendea uzi.

Suala hili lina uzito wa pekee katika mji wa Brussels, ambao historia ya gitaa la Kongo inaugusa katika sehemu nyingi. Gare du Midi, kituo kikuu cha reli cha upande wa kusini mwa mji, hupokea treni za kasi kutoka Paris, London, Amsterdam na Cologne, na kutoka hapo treni za chini ya ardhi za njia ya 2 na ya 6 humfikisha msafiri, katika kituo cha nne, Porte de Namur, penye mtaa wa Matonge uliopewa jina la mtaa mashuhuri wa Kinshasa. Mwanzoni mwa mwaka 1960, wakati viongozi wa Kongo na serikali ya Ubelgiji walipokutana Brussels katika Mkutano wa Meza ya Duara uliopanga tarehe ya uhuru, mwimbaji Joseph Kabasele alikuja mjini humo na wanamuziki wake, na miongoni mwao alikuwamo mpigaji gitaa kijana, Nicolas Kasanda, aliyezaliwa mwaka 1939 katika Kasai na kujulikana baadaye kwa jina la Docteur Nico. Katika miaka ya 1960 Nico alirekodi baadhi ya nyimbo zake kwa sauti ya gitaa la Kihawaii, akiendeleza mvuto ambao Zacharie Elenga, aliyeitwa Jhimmy, alikuwa ameuingiza katika muziki wa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nico alifariki Brussels mwaka 1985. Kwa hiyo mpigaji wa Kiafrika anayeshuka Gare du Midi akiwa na gitaa la aina hiyo hafuati jambo geni. Anaingia katika mapokeo ambayo wazee wake walikwisha kuyagusa.

Kwa nini kidole kinahitaji chuma

Wasikilizaji wa Kiswahili wanaujua vizuri ufundi wa kupiga gitaa kwa vidole vitupu. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, alitumia kidole gumba na kidole cha shahada tu, na kwa vidole hivyo viwili alifuma sauti za besi na za juu kwa ustadi ulioufanya wimbo wake "Masanga" uchunguzwe na wataalamu wa muziki kwa miaka mingi. Huko Zanzibar, kwa upande mwingine, wapigaji wa qanuni katika taarabu huvaa pete za chuma kwenye vidole vya shahada na kuchomeka ndani yake risha ngumu inayogonga nyuzi, kwa hiyo wazo la kukivika kidole kifaa kigumu si geni katika pwani ya Afrika Mashariki.

Tofauti kati ya njia hizo mbili inatokana na jinsi uzi unavyoachiwa. Uzi unapovutwa na kuachiwa hautoi sauti moja tu, bali hutoa sauti ya msingi pamoja na sauti nyingine nyembamba zilizo juu yake, na mchanganyiko wa hizo ndio unaoipa ala rangi yake. Nyama ya kidole ni laini na pana, nayo huuachia uzi taratibu, kwa hiyo sauti nyembamba hufifia na zile za chini hutawala. Ncha ya chuma ni ngumu na nyembamba, huuachia uzi kwa ghafla, na sauti za juu hubaki zikisikika waziwazi. Ukucha wa kawaida ungeweza kufanya sehemu ya kazi hiyo, lakini nyuzi za gitaa la Kihawaii ni za chuma cha pua na huutafuna haraka. Tena, kabla ya umeme kutumika, sauti kubwa ilikuwa jambo la lazima: kampuni ya National ilianza kutengeneza magitaa yenye mabamba ya chuma ya kukuzia sauti mwaka 1927, na gitaa la umeme la kulazwa mapajani liliingia sokoni mwaka 1932. Vipaza sauti vilipoenea, piki za chuma hazikuachwa, kwa kuwa masikio ya wapigaji na ya wasikilizaji yalikuwa yamekwisha kuizoea ile sauti yake angavu.

Madini na unene

Piki nyingi za vidole hutengenezwa kwa nikeli-silva, ambayo licha ya jina lake haina fedha hata kidogo, bali ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Madini haya hukunjika bila taabu na kubaki na mnyumbuko wa kutosha, ndiyo maana yanamfaa anayeanza. Shaba ya manjano, iliyo mchanganyiko wa shaba na zinki, ni laini zaidi na wapigaji wengi husema sauti yake ina joto kidogo, lakini hupoteza umbo mapema. Chuma cha pua kisichoshika kutu ni kigumu, hung'arika vizuri na hudumu, ila kila kinapokunjwa hujaribu kurudi kilipokuwa, hivyo humtaka fundi akikunje kupita kidogo kiasi anachokusudia. Mtu ambaye ngozi yake huwashwa na nikeli afadhali achague shaba ya manjano.

Unene hupimwa kwa sehemu za inchi, na piki zinazouzwa kwa kawaida huanzia 0.013, ambayo ni takriban milimita 0.33, hadi 0.025, ambayo ni takriban milimita 0.64. Piki nyembamba huyumba inapokutana na uzi, kwa hiyo huchelewesha mpigo na kupunguza nguvu, ingawa humsaidia anayetaka sauti nyepesi. Piki nene haiyumbi, inatoa sauti iliyojaa na kuubeba uzi mzito bila kusita, lakini ni ngumu kukunja na humwonea mwenye mkono usiozoea. Kwa mtu ambaye bado hajaujua mkono wake, unene wa 0.018 hadi 0.020 ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu unakubali kukunjwa kwa koleo ndogo na bado unabaki imara jukwaani.

Kidole gumba hufuata kanuni tofauti. Kwa kuwa hupiga kuelekea chini kwenye nyuzi nene, ambako chuma kingekwaruza, wapigaji wengi hukivika piki ya plastiki. Bendi yake ikibana au ikilegea, huchovywa katika maji ya moto hadi ilainike, kisha huvaliwa ipoe ikiwa kidoleni. Isikaribishwe kamwe kwenye moto, kwa sababu baadhi ya piki hizo ni za seluloidi, ambayo huwaka upesi.

Kuivisha na kuikunja

Piki ya chuma ina sehemu mbili, nazo ni mabawa yanayozunguka kidole na ulimi unaogusa uzi. Kosa linalowapata wengi mwanzoni ni kuuweka ulimi upande wa ukucha, ilhali unatakiwa kukaa upande wa nyama ya kidole. Mabawa hukaa kati ya mzizi wa ukucha na kiungo cha mwisho, yakiacha kiungo kikunjike kwa uhuru, nayo hubanwa kidogo kidogo hadi piki isizunguke mkono unapotikiswa kwa nguvu. Kidole kikianza kufa ganzi, yamebanwa kupita kiasi.

Ulimi ndio wenye kazi kubwa zaidi. Piki nyingi hutoka dukani ulimi wake ukiwa umenyooka kuliko kidole kilivyo, na ukiachwa hivyo huifanya ncha itangulie mbali mbele ya nyama, mpigaji ajihisi anagusa uzi kwa kijiti. Kwa hiyo wapigaji wengi wa gitaa la Kihawaii huukunja ulimi uelekee juu, ufuate mviringo wa ncha ya kidole, ubaki ukipita mbele ya nyama kwa milimita chache tu. Kazi hii hufanywa kwa kuugandamiza ulimi juu ya kitu cha mviringo, kama mpini wa bisibisi, au kwa koleo iliyofungwa kitambaa ili meno yake yasiache makovu, na kila mkunjo mdogo hufuatwa na kupiga nyuzi kadhaa kabla ya mkunjo mwingine. Subira hiyo ina sababu ya kifundi: madini haya yakikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mahali pamoja huwa magumu na hatimaye hupasuka, na kuyapasha moto ili yalainike huyaondolea mnyumbuko.

Baada ya mviringo huja pembe. Mkono wa kulia huzifikia nyuzi kwa mshazari, hivyo piki iliyokaa sawa katikati ya kidole inaweza kuukuta uzi kwa ukingo wake badala ya uso wake, na hapo ndipo hutoka mkwaruzo unaosikika zaidi kwenye nyuzi nene zilizoviringwa waya. Dawa yake ni kuizungusha piki kidogo kidoleni, au kuupinda ulimi upande mmoja, hadi uso wake wote ukutane na uzi kwa pamoja.

Hatua ya mwisho ni kulainisha. Kingo za ulimi hupigwa msasa laini uliolowanishwa, kuanzia namba 600, kisha 1000, kisha 2000, na kumalizwa kwa dawa ya kung'arishia madini. Haja ya ulaini huo huonekana vizuri pale inapokumbukwa kwamba katika gitaa la Kihawaii piki huugusa uzi mara mbili: mara ya kwanza kuuamsha, na mara ya pili kuunyamazisha, kwa kuwa wapigaji wengi hurudisha ncha juu ya uzi unaotetemeka ili kuukata kabla ya sauti inayofuata. Ukingo wenye makali huzomea katika mguso huo wa pili, na mpigaji anaweza kuulaumu mkono wake kwa kosa lililo kwenye chuma.

Hali ya hewa na mazoea

Kidole chenyewe hakibaki na ukubwa mmoja. Mpigaji anayetoka kwenye baridi ya Januari ya Gare du Midi huwa na vidole vilivyosinyaa, na piki iliyomkaa vizuri ukumbini jana yake hulegea. Baada ya nusu saa ya kupiga katika ukumbi wenye joto, vidole hujaa na piki ileile hubana. Wanaosafiri sana hubeba seti mbili, moja iliyobanwa na nyingine iliyolegezwa, badala ya kuyakunja mabawa kila siku na kuyachosha. Katika joto la Mombasa au Unguja adui ni jasho, ambalo huitelezesha piki na kuiotesha shaba utando wa kijani, hivyo inafaa ifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupigwa.

Ufundi huu unastahili kufundishwa mapema, pamoja na namna ya kulegeza na kukaza nyuzi, kwa sababu mwanafunzi anayejua kuitengeneza piki yake hujifunza pia kusikiliza: hutambua ni sauti ipi inatoka kwenye chuma, ipi inatoka kwenye mkono, na ipi inatoka kwenye uzi. Koleo ndogo, msasa na bisibisi hupatikana Kariakoo, Likasi na Brussels vilevile, kwa hiyo kijana aliye mbali na maduka ya ala hazuiwi na umbali huo kupata sauti iliyo safi, ilimradi apate piki mbili za chuma na mwalimu anayeuheshimu ufundi wa mkono.