Gharama na Manufaa ya Kifedha ya Majengo ya Ofisi Yanayotunza Mazingira: Nani Hulipa, Nani Hunufaika?

Hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya majengo ya ofisi yanayotunza mazingira ni kwamba ujenzi wake ni ghali. Ripoti iliyoandaliwa na Greg Kats kwa ajili ya jimbo la California, Marekani, mwaka 2003, iliipima hoja hiyo kwa takwimu. Majengo 33 yalichunguzwa, mengi yakiwa ya ofisi na machache ya shule. Ongezeko la wastani la gharama ya ujenzi lilibainika kuwa chini kidogo ya asilimia 2, sawa na takribani dola 4 kwa kila futi ya mraba.

Manufaa yalikokotolewa kwa kipindi cha miaka 20. Kwa majengo ya ngazi za chini za mfumo wa LEED, nishati iliyookolewa ilithaminiwa kuwa dola 5.79 kwa futi ya mraba, maji dola 0.51, na uendeshaji na matengenezo dola 8.47. Fungu lililozidi yote lilikuwa afya na tija ya wafanyakazi: dola 36.89, yaani takribani asilimia 70 ya manufaa yote.

Fungu hili ndilo linalohitaji kutazamwa kwa makini. Halikusomwa kwenye mita kama umeme au maji. Lilitokana na makadirio kwamba mazingira bora ya ndani huongeza tija kwa asilimia 1, yaani kama dakika 5 za kazi kwa siku. Kwa kuwa mishahara ya ofisini huizidi bili ya umeme mara nyingi, badiliko dogo katika makadirio hayo huyumbisha hesabu nzima. Hata hivyo, mtafiti mwenye shaka akilifuta fungu hilo lote, nishati peke yake bado hufidia dola 4 za ziada, ingawa kwa kusubiri miaka kadhaa.

Gumu zaidi ni suala la mgawanyo. Hesabu ya California inasimama kwa sababu serikali ya jimbo ndiyo inayojenga, inayolipa bili na inayolipa mishahara. Katika ofisi za kupangisha, mmiliki hubeba gharama ya ziada, ilhali umeme unaookolewa mara nyingi ni wa mpangaji, na tija vilevile. Mmiliki hurejeshewa fedha zake kupitia kodi ya juu zaidi au jengo kutokaa tupu, na hayo hutegemea iwapo mpangaji anaiamini akiba hiyo kiasi cha kuilipia.